Haya Si Kunyamaza: Swali la Kompyuta Liulizwe Hadharani



Leo hatuna habari ya nguo wala manukato. Tumerudi kutoka Karatu tukiwa na hasira, na tunataka muijue sababu yake, khasa nyinyi mnaojitayarisha kuolewa.

Tulikwenda kwenye harusi ya mdogo wetu. Mume ni kijana anayeongoza watalii Ngorongoro, na wawili hao wana nia ya kufungua biashara yao ndogo ya safari. Bi harusi ndiye mwenye hesabu. Kwa miezi kadhaa amejifundisha lugha ya Python mwenyewe, kwa kompyuta ya kuazima, ili aandike programu ya kumpigia mgeni bei: ada ya kuingia hifadhini, ada ya gari kushuka kreta, siku za kulala, mafuta ya kutoka Arusha na kurudi.

Usiku wa hina, mikono yake yote miwili ikiwa mibichi, simu ikawa inalia ujumbe juu ya ujumbe. Akatuomba tumsomee, akidhani ni pongezi. Hazikuwa pongezi. Mwanamume asiyemjua alikuwa anamdai pesa, la sivyo atafuta kazi yake yote na kuwaandikia watu kwa jina lake. Alikuwa na neno la siri la barua pepe yake. Alilipata wapi? Alipewa na bi harusi mwenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Programu iligoma, naye akauliza kwenye kundi la wanaojifunza. Mmoja akamcheka: "Hata hili hulijui?" Mwengine akaja kwa upole: "Dada, maswali kama haya yanakuaibisha mbele za watu. Njoo pembeni nikusaidie." Akaenda pembeni. Siku ya kwanza alisaidiwa kweli. Siku ya pili akaombwa picha, akakataa. Siku ya tatu akaombwa neno la siri, "ili nilione tatizo vizuri". Akatoa.

Neno la siri tulibadilisha usiku ule ule. Lakini kilichotuudhi zaidi kilikuja asubuhi, pale baadhi ya shangazi waliposema: "Ndiyo matokeo ya mwanamke kuulizauliza mbele za wanaume. Angekuwa na haya, angeuliza kimya kimya."

Hapana, shangazi zetu. Tunawaheshimu, lakini hapa mmekosea. Hakudhurika kwa kuuliza mbele za watu. Alidhurika pale alipoacha kuuliza mbele za watu. Dini yetu inatukataza faragha na mwanamume asiye maharimu, na inboksi ya usiku na mtu usiyemjua ni faragha kama chumba kilichofungwa. Kwenye kundi, macho mia yangeona ombi la neno la siri, na hapangekosa mmoja wa kusema "usimpe". Kumwambia binti akaulize pembeni kwa jina la haya ni kumfungulia mlango wa chumba hicho na kumsukuma ndani.

Na hiyo haya mnayoitaja, tuitazame kwa waliotutangulia. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Bibi Ummu Sulaym alimwendea Mtume (S.A.W.) akamuuliza kuhusu ndoto ya mwanamke na josho lake, jambo lililomfanya Bibi Ummu Salama afunike uso. Mtume alimjibu. Hadi leo tunaoga kwa elimu iliyotoka kwenye swali lile. Kama hilo liliulizwa, swali la programu iliyogoma lina aibu gani?

Sasa nyinyi mnaojiita wataalamu. Kila mnapomcheka anayeanza, mnamkabidhi kwa mwizi anayengoja pembeni. Hakuna aliyezaliwa anaijua Python. Kama huna la kumjibu, nyamaza. Na anayetisha watu kwa barua pepe zao ajue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa ni kosa la jinai.

Lakini tusijipendelee. Na sisi wanawake tunauliza vibaya. Tuliliangalia swali la kwanza la mdogo wetu: "Naombeni msaada, programu haifanyi kazi," na picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imepinda, nusu ni kivuli cha mkono wake. Nani angeweza kumjibu?

Bwana harusi ndiye aliyetupa mfano. Sakafu ya kreta ya Ngorongoro ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 260. Dereva aliyekwama huko akiita kwenye redio ya upepo "nimekwama" tu, wenzake wataanzia wapi? Husema yuko karibu na msitu wa Lerai au chemchemi ya Ngoitokitok, gari limezama upande gani, amejaribu nini. Wote wanamsikia, na aliye karibu anageuza gari.

Basi swali la kompyuta nalo liwe hivyo. Sema ulitaka programu ifanye nini, na imefanya nini badala yake. Bandika maandishi ya programu yenyewe, si picha, ili mwenzako aweze kuyajaribu kwake. Usimwage mistari mia tatu; punguza mpaka ibaki michache ambayo bado inaleta kosa lile lile. Nakili ujumbe wa kosa neno kwa neno. Eleza ulichokwisha kujaribu. Na kabla ya kutuma, toa maneno ya siri, namba za simu na za pasipoti za wateja. Hizo ni amana.

Tuliliandika upya swali lake siku mbili baada ya ndoa, tukalirudisha kwenye kundi lile lile. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: mahali pamoja aliandika "Bei" kwa herufi kubwa, pengine "bei" kwa ndogo, na Python huyahesabu hayo kuwa majina mawili tofauti. Herufi moja! Kwa herufi moja binti yetu alikaribia kupoteza heshima yake.

Mtasema, "Jina lake litaonekana." Basi atumie kunya, Ummu Fulani, na asiweke picha. Akipenda, aingie kundi la wanawake watupu. Django Girls, iliyoanzia Berlin mwaka 2014, huandaa mafunzo ya bure kwa wanawake wanaoanza. Wala si mambo ya mbali: mkutano wa DjangoCon Africa ulifanyika hapa Zanzibar Novemba 2023, na Agosti 2025 ukawa Arusha, mji ambao kutoka Karatu unatoka asubuhi na kufika kabla ya adhuhuri.

Na ikilazimika kuzungumza pembeni na mtu, mtie wa tatu: dada, kaka, mume. Anayekataa wa tatu, mwache hapo hapo. Neno la siri usimpe yeyote, hata akiwa na kanzu na tasbihi kwenye picha yake. Ukipata jibu, rudi kundini useme tatizo limekwisha na limekwishaje, ili atakayekwama kesho alikute. Hiyo ni sadaka inayobaki.

Wazazi, msiwanyime mabinti kompyuta kwa kisa hiki. Waume, kaeni karibu nao wanapojifunza. Na wewe bi harusi, pamoja na udi na khanga unazokusanya, jifunze na kuuliza vizuri, tena mbele za watu.

Mdogo wetu sasa anampigia mgeni bei ya Ngorongoro kwa programu yake mwenyewe. Alhamdulillah.

Wabillahi tawfiq.