Disemba Si Wakati wa Kupeleka Watoto Slaidi

Wasee, leo nitasema kitu na wengine mtakasirika. Kama unapanga kupeleka watoto Mombasa Disemba wakacheze kwa slaidi za maji, achana na hiyo mpango. Wapeleke Novemba.

Kabla mnirukie, sikizeni kilichonipata. Disemba iliyopita mimi ndiye nilimsukuma mathe. Chama chao kilikuwa kimevunjwa, ameshika pesa ya kuuza mboga mwaka mzima, na mimi nilitaka video. Nikamwambia, "Mathe, kila mtu anaenda Pwani, sisi tumekosea nani?"

Tiketi za SGR zilikuwa zimeisha kitambo. Tukapanda basi, nauli nayo imepandishwa. Chumba tulichopata kilikuwa mbali na bahari, na bei ilikuwa mara mbili ya ile niliyoona Oktoba. Park yenyewe, sitaitaja, ilikuwa imejaa hadi maji huyaoni. Mdogo wangu, miaka kumi, alipanda slaidi mara nne kutwa nzima. Nne! Saa zingine zote alikuwa kwa laini, anaruka ruka juu ya sakafu moto, akiniuliza, "Wamebaki watu wangapi?"

Video ilienda poa. Halafu Januari ikafika, mdogo wangu akafukuzwa karo, akakaa nyumbani wiki mbili. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo. Kumwona ameketi mlangoni na yunifomu, siku ya shule, asubuhi, kulinimaliza. Hakuna likes za kulipa hiyo.

Sasa tuangalie kalenda. Shule zetu hufunga mara tatu. Aprili iwache, mvua ya masika inakuwa imeanza. Agosti si mbaya, laini ni fupi kuliko za Disemba, lakini upepo wa kusi bado unavuma na mwani umejaa ufuoni. Novemba ndio yenyewe. Watoto wengi wako nyumbani, joto limerudi Pwani, na familia zenye watahiniwa wa KCSE bado zimefungwa na mtihani. Wanaongoja Krismasi bado hawajatoka Nairobi. Enda Jumanne ama Jumatano, usiende wikendi. Treni ya daraja la kawaida ilipandishwa hadi shilingi 1,500 Januari 2024. Ni pesa ile ile Novemba na Disemba, lakini Novemba kiti utakipata.

Najua mtaniambia Novemba kuna mvua za vuli. Ziko, ndiyo. Ila mara nyingi hunyesha kidogo, zinapita, jua linatoka. Na wewe si umelipa kiingilio ndio ulowe?

Kuhusu likizo ya kazi, jaribu kuomba siku tatu za Novemba uone. Ni rahisi kuliko kung'ang'ania Disemba na ofisi nzima. Na sisi ambao hatuna watoto, yetu ni Njaanuari, wiki za mwisho. Kaskazi inavuma, mvua hakuna, wazazi wote wamelipa karo na kusota, slaidi ni zako peke yako.

Lakini tusidanganyane, wengi hawaendi Disemba kwa kupenda. Wanaenda kwa sababu ndio wakati pesa inaonekana. Vyama vingi huvunjwa Disemba, kwa hivyo sisi wote tunashika doo wiki moja, tunakimbilia mahali pamoja, tunauziwa kwa bei ya juu, halafu Januari tunaanza kukopana. Vunjeni chama mwisho wa Oktoba. Toeni karo ya muhula wa kwanza kwanza, iwekwe kando. Kitakachobaki ndicho cha slaidi. Kisipotosha, mtoto akae nyumbani acheze mpira, hatakufa.

Mathe alipeleka hii maneno kwa chama chao. Wamama walicheka, wakasema kijana wa video ameanza kuwapangia pesa. Wiki iliyofuata walipiga kura, na mwaka huu wanavunja Jumamosi ya mwisho ya Oktoba.

Karo ya mdogo wangu itawekwa kwa akaunti ambayo mimi sina namba ya siri yake. Mathe amesema hivyo akiniangalia machoni, na sikumjibu.

Chama chenu nacho kinavunjwa lini?