Tope Litokalo Meru

Akina mama wa Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini, huyaona maji yamegeuka mekundu ilhali kwao jua linawaka. Mvua imenyesha Meru na Embu. Sehemu ya udongo ule hutoka katika mashamba ya kahawa, ambako kwa miaka mingi wakulima wamenyunyiza dawa za shaba kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Shaba haiozi, hugandamana na tope na kusafiri nalo. Tope la Embu kwa sehemu kubwa hunaswa na mabwawa kama Kamburu na Kiambere, lakini Kathita na Mutonga, mito ya Meru, huingia Tana chini ya mabwawa hayo.

Hatusemi samaki wa Kipini ni sumu. Twasema kuchemsha huua vijidudu, wala hakuondoi madini, na kaa huishi topeni. Owino Uhuru, Mombasa, madini ya risasi yalipimwa yakiwa yamekwisha kuingia katika damu ya watoto. Kwa hiyo twaomba tope la Kipini lipimwe sasa, kila baada ya masika, na majibu yasomwe hadharani kwa Kiswahili, akina mama wakiwapo.