Pagale si Tusi

Limezuka neno katika vinywa vya watu wajionao wastaarabu, nalo hutamkwa kwa kubetua midomo: pagale. Zamani neno hili lilikuwa na maana yake halali, yaani nyumba iliyoachwa na mwenyewe kabla ya kwisha, ikaota majani na kulala mbuzi. Sasa hutupiwa hata nyumba yenye moto jikoni na watoto mlangoni, maadamu ukuta wake mmoja haujapigwa plasta na madirisha yake mawili yamezibwa kwa matofali yakingoja fremu. Atakaye kulisikia vyema na aende Chamwino, mashariki ya mji wa Dodoma, ambako tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016 viwanja vimepanda thamani, na pamoja navyo imepanda aibu ya kuishi katika nyumba ambayo haijamalizika.

Mimi nasema kinyume. Nyumba inayokamilishwa chumba baada ya chumba, wenyewe wakiwa wamo ndani, ndiyo nyumba. Na ile inayokabidhiwa siku moja, na mapazia yake na masofa yake na dari yake ya jipsamu yenye taa za rangi, aghalabu ni duka lililokosa wateja.

Wagogo hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Tembe yao haikuwa na siku ya kwisha. Ilianza kwa ubavu mmoja: nguzo na fito, udongo ukakandikwa, na juu paa bapa la miti na udongo, jambo linalowezekana kwa kuwa nyanda zile hupata mvua chache za msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili hivi. Akija mke wa pili, au mwana akioa, ubavu mwingine hushikizwa; miaka ikipita pande hukutana na kuuzunguka uwanja wanamolala ng'ombe. Na ndani vilevile. Mahali pa jiwe la kusagia, pa kihenge cha nafaka, pa kitanda, pa vibuyu ukutani, paliamuliwa na mama mwenye nyumba kwa kuishi humo, si kwa kuchorewa. Watu husafiri hadi Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, wakasifu sauti za wanawake na ngoma zao, kisha wakirudi huitaja tembe kama ugonjwa. Wanazipenda nyimbo, hawaulizi zimelelewa chini ya paa gani.

Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma. Sina ugomvi na nia yake: maji, shule na zahanati ni vigumu kuvifikisha kwenye kaya zilizotawanyika porini, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Lakini nyumba zilizopangwa kwa mstari zilikuja na ndani yake imekwisha kuamuliwa. Hakuulizwa mtu kihenge kitakaa wapi, wala ndama atalala wapi, wala mke wa pili ataongezewa ubavu upande gani ilhali jirani yuko hatua chache. Nasi wa Unguja tusijione tumesalimika. Maghorofa ya Michenzani, yaliyopangwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960, yalitukabidhi maisha yaliyokwisha kukatwa na kushonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Sisi wapenzi wa mashairi tulipaswa kuliona hili kabla ya mafundi. Neno letu beti tumelipata kwa Waarabu, na kwao bayt ni nyumba, tena ni mstari wa shairi. Na nusu ya mstari huo, misraa, ni jina la kipande kimoja cha mlango wa vipande viwili. Nasi bila ya kukusudia tukauita kipande. Sasa nambie, msomaji wangu, ni nani aliyetunga utenzi kwa kuzinunua beti zote siku moja? Kina cha mwisho wa beti hushikwa tangu mwanzo na hakibadiliki hadi tamati. Huo ndio msingi na paa. Vina vingine huzaliwa kila beti inapofika zamu yake, na mtunzi asiyejua hilo hutoa utenzi wenye mizani kamili usio na pumzi. Wahenga wa Lamu walijua: ghorofa iliongezwa juu ya nyumba ya mawe binti alipoolewa, na pasipokuwa na nafasi wakajenga wikio juu ya njia, watu wakapita chini yake. Hakuna aliyewaita watu wale masikini.

Kubwa linaloniudhi ni mpangilio wa mambo. Nani aliyeamua kwamba marumaru ya sebuleni hutangulia dari? Mtu huezeka kwa bati, na jua la nyanda za kati ni lile mlijualo, halafu fedha yake ya kwanza huitandika chini, ing'ae, wageni waione, ilhali wanawe wanalala chini ya bati linalochoma mchana na kutoa baridi kali usiku wa Juni. Masofa hufunikwa vitambaa yasishike vumbi, nalo vumbi la Chamwino halina haya. Watoto hukatazwa kuyakalia, wakatandikiwa mkeka ukumbini. Hiyo nyumba ni ya nani? Aliyehamia chumba kimoja akakaa humo kiangazi kizima angekwisha kujua upepo unaingilia wapi, jua la alasiri linachoma ukuta gani, pipa la maji likae wapi ili mama asilibebe mara mbili. Angeweka dari kwanza, kisha rafu na mahali pa nafaka, kisha sakafu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Wenzetu wameugeuza mlango kuwa nyumba nzima.

Tena tazameni nani anayecheka. Taifa liliamua kuhamishia makao makuu Dodoma mwaka 1973, na Ikulu mpya ya Chamwino ikazinduliwa tarehe 20 Mei 2023. Nusu karne! Ofisi zikija moja moja, nyingine zikirudi Dar es Salaam, na hakuna hata mtu mmoja aliyeiita Serikali pagale. Karani wa ofisi hizo hizo akichukua miaka kumi na miwili kukamilisha vyumba vinne, anachekwa.

Nitaambiwa kuwa natetea moshi, giza na paa linalovuja. La hasha. Tembe nyingi zilikuwa na vitu hivyo vyote vitatu, na mwanamke aliyekohoa humo miaka thelathini hahitaji shairi langu, ahitaji dirisha. Wala polepole isiwe jina la heshima la uvivu wa mume anayeahidi choo kila mwaka. Nizungumzialo ni mwendo wenye mpango, ambamo mwenye kuishi ndiye mwenye kuamua kinachofuata, naye mara nyingi ni mama.

Lakini mwendo huo unabanwa pande zote. Hati ya kiwanja huja na muda wa kujenga, na mkopo wa nyumba aghalabu hutaka ramani nzima na mshahara wa miaka mingi ijayo. Nimewaona watu waliomaliza yote kwa mwaka mmoja, kisha wakapangisha nyumba ile na kurudi kupanga chumba kwa watu ili walipe deni. Kwa hiyo ninalodai ni dogo. Wenye kukopesha wakopeshe dari. Wakopeshe dirisha moja, tangi moja la maji, mlango wa chumba cha bibi, kama wafanyavyo tayari akina mama wa vikoba kwa fedha zao wenyewe bila ya kuomba ramani kwa mtu.