Staa Kafuta Video ya Ndinga Yake Inayolia, Waliobaki na Kelele ni Wengine

Kama una bando na uko mjini, ile video ilikupitia. Mkali mmoja wa Bongo Fleva, jina tuliache, kakaa ndani ya pikapu yake mpya, dabo kebini, viti bado vina nailoni. Haongei. Simu kaielekeza kwenye dashibodi, gari inatembea, na kila ikikanyaga rasta unasikia tiki-tiki-tiki, kama mtu kasahau kijiko ndani ya bomba. Sekunde arobaini hivi za kelele tupu, halafu mwishoni anasema kwa upole kabisa: "Hii ni zero kilometa, wanangu. Nimeipeleka mara tatu."

Watu walicheka mpaka basi. "Mwenzako anapanda mwendokasi kasimama toka Kimara, wewe unalilia kijiko." "Ongeza sauti ya redio, bro." "Matatizo ya matajiri hayo, peleka mbele." Siku tatu baadaye video ikafutwa. Mahali pake ikaja picha: staa katikati, wafanyakazi wa shoruumu pembeni wameshika maua, tabasamu la meno thelathini na mbili, na maneno ya kuwashukuru "familia" kwa huduma ya kishua. Biashara ikaisha.

Sasa hapo kuna mambo mawili, na mjini wameyachanganya. La kwanza, jamaa alikuwa na haki ya kulalamika, asilimia mia. La pili, kuifuta ile video ndiyo sehemu aliyoharibu.

Tuanze na kicheko. Wengi hapa Bongo gari tunazozijua ni za mtumba kutoka Japani. Gari ya hivyo ikilia unavumilia, maana umenunua na historia ya mtu mwingine, na bei ilikuwa ya historia. Anayekwenda shoruumu kuchukua gari mpya analipa zaidi, mara nyingi zaidi sana, na ile nyongeza si ya harufu ya viti. Analipia vitu viwili: gari ambayo haijaguswa na mtu, na mtu wa kumjibu ikisumbua. Ile waranti, ambayo kwa gari nyingi mpya huwa ya miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia ndicho kinachohesabika, imo ndani ya bei. Hakuna aliyepewa zawadi. Kwa hiyo anayedai gari yake inyamaze hadekezwi, anadai alichokwisha kukilipia.

Na jibu alilopewa staa mara ya kwanza, ukisoma zile stori alizoposti kabla hajazifuta, lilikuwa lile lile wanalopewa wote: "Bosi, pikapu ndiyo zilivyo."

Hili neno "ndiyo zilivyo" lina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Ni kweli pikapu si gari ndogo ya kwendea sendofu. Bodi imekaa juu ya chasisi kwa mipira, nyuma kuna springi za mabapa zilizotengenezwa kubeba mzigo wa karibu tani moja. Ukiiendesha tupu inarukaruka, inakuwa ngumu, abiria wa nyuma atalalamika mgongo. Hiyo ndiyo ilivyo, na hakuna fundi wa kuibadilisha. Hata hapo lakini kuna jambo la kuangalia. Gari mpya husafirishwa melini tairi zikiwa zimejazwa upepo mwingi kuliko wa matumizi, na nyingine huwekewa vizuizi kwenye springi zisichezecheze safarini. Vyote hivyo shoruumu inatakiwa ivishughulikie kabla ya kumkabidhi mteja ufunguo. Wakisahau, unaondoka na gari inayogonga kama mkokoteni halafu unaambiwa ndiyo zilivyo. Upepo unaotakiwa umeandikwa kwenye stika pale fremu ya mlango wa dereva. Dakika mbili tu pale sheli unajua kama umeonewa.

Ila ugumu ni kitu kimoja, na kulia ni kitu kingine. Hakuna kiwanda duniani kilichochora pikapu ili dashibodi yake ipige tiki-tiki. Sauti ya hivyo maana yake kuna kitu hakijashikwa: klipu ya waya, skrubu, bati la kukinga joto la egzosti, ndoana ya mlango wa nyuma wa bodi, tairi la spea kule chini ambalo mnyororo wake haujakazwa. Mara nyingi ni kitu cha bei ya soda. Kazi ni kukitafuta.

Na kukitafuta ndiko hawakutaka. Hii ndiyo sehemu tamu ya mkasa mzima, na wengi waliiruka wakaenda kucheka. Staa aliposti picha ya karatasi aliyopewa safari ya pili, ile mafundi wanaiita jobukadi. Imeandikwa kwamba gari imejaribiwa barabarani, hakuna tatizo lililoonekana. Chini yake akaweka picha mbili za dashibodi, moja kaipiga asubuhi akikabidhi gari, nyingine jioni akiichukua. Kilomita 4,812. Kilomita 4,812.

Hiyo barabara waliyoijaribia iko wapi? Au waliisukuma kurudi nyuma?

Gari ilishinda imepaki kivulini, ikaoshwa, ikarudishwa. Kuoshwa hapo ndiyo dawa. Karibu kila mtu aliyewahi kupeleka gari mpya kulalamikia kelele ana hadithi ya kuoshewa. Inarudi inang'aa, inanukia, na inalia vile vile kabla hujafika hata Mwenge.

Kuwatetea mafundi kidogo, maana nao ni watoto wa watu. Kazi ya waranti mteja hailipi, shoruumu inakwenda kudai kwa mtengenezaji, na mtengenezaji huwa na muda wake aliopanga kwa kila kazi. Kubadilisha pampu kuna saa zake zinajulikana. Kusaka tiki-tiki kunaweza kula asubuhi nzima na mwisho ukaitengeneza kwa kipande cha tepu. Nani atamlipa fundi hiyo asubuhi? Kwa hiyo meneja anapenda kazi zenye hesabu, na kelele inaandikiwa "hakuna tatizo." Ndiyo sababu. Sababu ya kueleweka, lakini si ya kumbebesha mteja. Hesabu za shoruumu na kiwanda ni zao wenyewe.

Turudi kwenye ile video kabla haijafutwa. Ukishuka chini ya vicheko, kulikuwa na watu hawacheki. Mmoja aliandika toleo ni lile lile, dashibodi inalia upande ule ule wa kushoto, yeye yuko Mwanza. Mwingine wa Arusha akasema yake inalia asubuhi tu kukiwa na baridi, jua likipanda inanyamaza, kila akiifikisha kwa mafundi saa sita mchana anaonekana muongo. (Si muongo. Plastiki husinyaa kwa baridi na kutanuka kwa joto, kelele inakuja na kuondoka.) Halafu kulikuwa na mama mmoja wa Tegeta, anasambaza maji ya kunywa mpaka Bagamoyo. Pikapu kachukua kwa mkopo wa benki. Aliandika: "Mwanangu usinyamaze. Yangu inalia hivyo hivyo na mimi sina wa kunisikiliza. Nimeambiwa niache gari, nikiacha gari mzigo unabebwa na nani?"

Watu wakaanza kujibizana pale, wanaulizana toleo, wanaulizana mwezi waliochukua gari. Mtu mmoja anaweza kuambiwa masikio yake yana shida. Watu ishirini wa mikoa tofauti, kelele moja, upande mmoja, hawawezi wote kuwa na shida ya masikio. Mtengenezaji akiona malalamiko ya aina moja yamerundikana, huwa anatoa maelekezo kwa mafundi wake: sauti hii inatoka hapa, fungueni hivi, fungeni hivi. Bila rundo hakuna maelekezo. Na lile rundo lilikuwa limeanza kujengeka chini ya video ya mtu ambaye hata hakujua anajenga nini.

Alivyofuta video, na maoni yakaenda nayo yote.

Inavyoelekea, yake ilitengenezwa. Kwenye zile stori za shukrani alieleza mwenyewe kwamba safari hii fundi mkuu alipanda naye, wakaitafuta barabara ya vumbi, fundi kakaa kiti cha abiria anabonyeza dashibodi kwa kiganja sehemu moja moja mpaka sauti ikakatika. Klipu ya waya. Wakaizungushia kitambaa chenye gundi, kazi haikufika hata saa moja. Akapewa na sevisi ya kilomita 10,000 bure, na mazulia.

Yaani wakati wote ule fundi alikuwepo. Ujuzi ulikuwepo, barabara ya vumbi ilikuwepo, kitambaa kilikuwepo. Kilichokosekana safari tatu za mwanzo ni watu laki kadhaa wanaoangalia. Huduma ile ile aliyostahili kupewa kimya kimya kama mteja, akapewa kwa mbwembwe kama staa, na bei yake ikawa ni kufuta.

Mashabiki wake wamekuja juu: video ni yake, gari ni yake, hana deni na mtu. Sawa. Hakuna anayesema alitakiwa kuwa mwanasheria wa wenye pikapu wote. Lakini angeiacha pale. Angeandika "wamenitengenezea, ilikuwa klipu, upande wa kushoto juu ya droo" akatulia, shoruumu ingepata sifa yake, na yule wa Mwanza angejua amwambie fundi wake afungue wapi. Shukrani na ukweli havigombani. Kilichomshinda ni nini kama si mazulia?

Huyu ni mtu ambaye nusu ya nyimbo zake anajisifu katoka kwa watu wa chini. Hapo ndipo panapouma.

Kwa ambao hawana wafuasi, njia ipo, ndefu kidogo. Kenya Katiba yao ya 2010 imeweka haki za mlaji kwenye ibara ya 46, kabisa kabisa. Huku kwetu kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani, ile FCC watu wanayoijua kwa kukamata bidhaa feki, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo inataka kitu kinachouzwa kiwe na ubora wa kuuzika. Wanaotamani Marekani wajue kwamba kule kuna sheria za gari wanazoziita "limau", Connecticut walianza mwaka 1982, ambapo gari mpya ikishindikana kutengenezeka baada ya mara kadhaa unarudishiwa pesa au gari nyingine. Ila hata kule kasoro inabidi iwe nzito, iguse matumizi, thamani au usalama. Kwa tiki-tiki peke yake utahangaika.

Kwa hiyo silaha ya kwanza ni karatasi, na hapa staa aliwazidi akili wengi waliomcheka. Usikubali kuambiwa kwa mdomo. Kelele iandikwe kwenye jobukadi kila safari, kwa maneno yako: inatoka wapi, spidi gani, barabara gani, asubuhi au mchana. Waranti ikija kuisha, tatizo lililoandikwa mapema lina mguu wa kusimamia, lililosemwa kaunta halina. Piga picha kilomita ukikabidhi na ukipokea. Na muhimu kuliko yote, omba fundi apande na wewe kabla hujaacha ufunguo, maana sauti ikishasikiwa na watu wawili haiandikiki tena "hakuna tatizo." Kabla ya hapo toa miwani kwenye kisanduku, toa jeki iliyolegea chini ya kiti, toa chupa za maji milangoni, usije ukaumbuka mbele za watu.

Kuna washkaji watasema achana nao, peleka Gerezani, fundi wa mtaani anaikamata kwa dakika kumi. Anaikamata kweli. Ila akishafungua dashibodi ya gari yenye waranti, safari ijayo hata taa isipowaka utaambiwa "mmeshaichokonoa". Umewapa kisingizio mkononi.

Yule mama wa Tegeta, kwa mwendo wa kwenda na kurudi Bagamoyo kila siku, kilomita zake za waranti zinazidi kuliwa. Chini ya ile picha ya maua, katikati ya moyo na moto wa mashabiki, kaandika tena: "Hongera mwanangu. Huyo fundi aliyepanda na wewe anaitwa nani, na mimi nimwombe?"

Staa kajibu maoni mengi sana chini ya hiyo picha. Hilo bado.