Fundi wa gitaa astahili heshima kabla ya mpigaji

SAFU YA KILA WIKI: MKONO WA KASKAZINI
Na Halima Abdi Noor, Eldas

Mjini Kinshasa yupo fundi aitwaye Misoko Nzalayala, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Socklo. Kwa miongo kadhaa ameunda magitaa kwa mikono yake, ya kawaida na ya umeme, kwa mbao za nchini mwake na vyuma chakavu ambavyo wengine wamevitupa. Hana kiwanda. Ana karakana ndogo, zana za mkono na sikio lisilokubali uzembe. Wanamuziki wa Kinshasa huyapiga magitaa yake jukwaani, na wapenzi wa ala walio ng'ambo huyatafuta kwa sababu yana sauti ambayo hawaipati dukani. Namwandikia sifa kutoka Eldas, katika kaunti ya Wajir, mahali ambapo hakuna duka la magitaa wala karakana ya kuyatengeneza, kwa kuwa naamini kazi yake inatuhusu sisi watu wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Jamii isiyomheshimu anayeunda vitu kwa mikono itanunua kila kitu kutoka kwa wengine, hata sauti inayoimbia.

Tuanze na gitaa la umeme lenyewe, maana sifa isiyoijua kazi ya fundi haina uzito. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya, umeme hupita katika waya huo. Gitaa la umeme limesimama juu ya ugunduzi huo. Chini ya nyuzi za chuma hukaa sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kama unywele, mara elfu kadhaa. Uzi ukitikisika, umeme mdogo huzaliwa na kupelekwa kwenye amplifaya. Kinachobaki ni useremala na hesabu. Gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 648 huhitaji kijiti cha kwanza cha chuma kiwekwe shingoni umbali wa milimita 36.4 kutoka mwanzo wa uzi, kwa kugawa 648 kwa 17.817, kisha urefu uliobaki hugawanywa tena kwa namba hiyohiyo, hadi kijiti cha 12 kiangukie nusu kamili, milimita 324. Kosa la milimita mbili hapo linatosha kuharibu wimbo mzima. Fundi Leo Fender wa California, aliyebadilisha muziki wa dunia kwa magitaa ya umeme ya Telecaster ya mwaka 1951 na Stratocaster ya mwaka 1954, alisomea uhasibu na kuanza na duka la kutengeneza redio mwaka 1938. Hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Alichokijua ni jinsi kitu kinavyoharibika na jinsi kinavyotengenezeka, ndiyo maana shingo za magitaa yake zilifungwa kwa skrubu nne ili ikiharibika moja ifunguliwe na kufungwa nyingine.

Kongo inatufundisha jambo hilohilo kwa lugha iliyo karibu nasi zaidi. Franco Luambo, ambaye orkesta yake ya O.K. Jazz ilisikika kwenye redio za Afrika Mashariki, aliunda gitaa lake la kwanza akiwa mtoto, akitumia kopo na nyaya. Nicolas Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico kwa umahiri wa vidole vyake, alikuwa amefuzu kuwa mwalimu wa masomo ya ufundi. Mawangu Mingiedi wa kundi la Konono No. 1 alichukua likembe ya mababu, ala inayopigwa kwa vidole gumba, akatoa sumaku kwenye vipuri vya magari makuukuu, akaipa likembe hiyo sauti ya umeme iliyoushangaza ulimwengu kwa albamu ya mwaka 2004. Socklo anatoka katika mji wa namna hiyo, ambako mkono unaounda na mkono unaopiga imeishi jirani. Tunaposifu uzuri wa gitaa la Kongo, kwa kawaida tunasifu vidole na kusahau kwamba nyuma ya vidole hivyo palikuwa na watu wasiosubiri meli iwaletee ala. Uchumi wa nchi yao uliporomoka, bei za magitaa ya nje zikapanda kupita uwezo wa kijana wa kawaida, na bado muziki haukunyamaza. Haukunyamaza kwa sababu mafundi walikuwepo.

Sisi Wasomali je? Hatukukosa muziki. Abdullahi Qarshe, anayeheshimiwa kama baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alizaliwa Moshi mwaka 1924, akakulia Aden, akaifanya kaban, ile ala ambayo watu wa pwani huiita udi, iseme Kisomali. Miaka ya 1970 na 1980 bendi za Mogadishu kama Iftin na Dur-Dur zilichukua gitaa la umeme na kulitia katika mizani yetu ya noti tano, na mkusanyiko wa nyimbo za zama hizo uliotolewa mwaka 2017 uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Hapa kwetu, kina mama wa kundi la Gargar la Garissa wamezifikisha nyimbo zetu kwa wasikilizaji wa mbali. Lakini magitaa na vinanda vya bendi zile vilikuwa vya viwanda vya nje, na vita vilipoitawanya Mogadishu mwaka 1991, wapigaji walitawanyika bila kuacha karakana ambayo kijana angeingia na kuendeleza kazi. Muziki uliokuwa na wapigaji hodari na washairi wakubwa haukuwa na fundi wake mwenyewe.

Sababu yake haipendezi kuisema, lakini lazima isemwe. Katika jamii ya Wasomali, watu waliofua chuma, Watumaal, pamoja na mafundi wa kazi nyingine za mikono, walidharauliwa kwa vizazi vingi, wakanyimwa ndoa na nafasi barazani, ingawa kisu, shoka na mkuki vilivyomlinda mfugaji vilitoka mikononi mwao. Mwenye ngamia alihesabiwa mtu. Aliyemtengenezea vifaa alihesabiwa mtumishi. Hata hivyo ujuzi haukukosekana. Koor, ile kengele ya mbao inayovalishwa ngamia shingoni, ni ala ya sauti iliyochongwa ili mchungaji amtambue mnyama wake usiku ndani ya kichaka. Aliyeichonga alijua unene wa mti unavyobadilisha mlio, na huo ndio mwanzo wa elimu ya Socklo. Tunao watu wenye mkono na sikio. Tulichokosa ni jamii inayomwona mtu huyo na kumwita bwana fundi kwa heshima, kisha kumkabidhi kijana wake amfundishe.

Hali yetu pia inalikubali gitaa la umeme kuliko watu wanavyodhani. Gitaa la kawaida lina kifua cha ubao mwembamba, na hewa kavu kama ya Wajir hukikausha hadi kipasuke. La umeme lenye mwili mzima halitegemei ubao huo mwembamba, kwa hiyo linastahimili ukame vizuri zaidi. Kuhusu mbao, sisemi mtu akate mgunga hata mmoja. Tunao mti wa mathenge, ulioletwa Bura miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ambao umeziba malisho kando ya Mto Tana hadi Garissa. Mwaka 2006 wananchi wa Baringo walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyepoteza meno kwa sababu yake, na mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu haribifu. Mti huohuo una mbao ngumu, na mbao za jamii yake zinasifika kwa kutojikunja wala kusinyaa sana zikikauka. Mesquite ya Texas, iliyo ndugu yake, hutengenezewa samani, sakafu na hata magitaa. Kasoro zake zipo: vigogo vyake ni vifupi na vimepinda, na mbao zake ni nzito. Fundi huzitatua kwa kuunganisha vipande kwa gundi na kuchimba matundu ndani ya mwili wa gitaa ili lipungue uzito. Tunachoma mathenge kuwa makaa kwa sababu hatujawaajiri watu wenye kuuona kama ubao.

Najua pingamizi la kwanza, nami silichukulii kwa wepesi. Wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafi wanazikataza ala za nyuzi, na mzazi anayemkataza mwanawe kwa imani hiyo anastahili heshima. Safu hii haitoi fatwa. Ninachosema ni kwamba kaunti zetu zina watu wa rai mbalimbali na dini mbalimbali, na kwamba nyimbo zimo harusini na redioni mwetu tayari, zikipigwa kwa ala zilizonunuliwa kwa pesa zetu. Asiyetaka asiguse gitaa. Asilazimishwe mwanafunzi yeyote. Lakini anayeruhusu ala iliyotengenezwa Uchina iingie nyumbani hana sababu ya kidini ya kumzuia kijana wa Eldas asiiunde. Naweza kuongeza kwamba kuzungusha koili, kulehemu nyaya na kuunganisha mbao ni ujuzi unaomfikisha mtu karibu na kazi ya kutengeneza mota za pampu za visima vyetu. Hilo ni kweli, ila sitaki kuuficha ufundi wa gitaa nyuma ya pampu. Kuunda kitu kizuri kinachosema ukweli wa sauti ni kazi halali ya akili ya binadamu, na ina haki ya kutetewa kwa jina lake.

Pingamizi la pili ni la bei. Magitaa ya kiwandani ni rahisi, basi kuna haja gani ya kuhangaika na patasi? Jibu ni kuangalia maisha ya gitaa hilo baada ya kununuliwa. Shingo yake hupinda, waya mmoja hukatika ndani, kigingi cha kukazia uzi huvunjika, na kutoka Garissa hadi Nairobi ni karibu kilomita 370. Kutoka Eldas ni mbali zaidi. Kitu cha bei nafuu kisicho na wa kukitengeneza huwa takataka ya gharama. Anayejua kuunda gitaa anajua kulitengeneza, na hata asipouza jipya hata moja kwa mwezi, kijiji kina pa kupeleka gitaa, redio na spika zilizoharibika. Fender alianza na redio mbovu za majirani zake. Isitoshe, kiwanda huunda gitaa moja kwa ajili ya watu wote, ilhali fundi huweza kumuundia mpigaji wa kaban gitaa linalojibu mkono wake na mizani yake.

Pingamizi la tatu ndilo linaloniuma, kwa kuwa wanaolitoa wameona mizoga ya mifugo barabarani. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilishindwa msimu baada ya msimu, familia zikapoteza karibu kila kitu. Nani ataongea habari za magitaa mbele ya njaa? Nasema ni wakati huo hasa tunapaswa kuongea habari za mafundi. Ukame umetuonyesha hatari ya kuweka maisha yote juu ya mgongo wa mnyama mmoja. Kijana aliyepoteza mifugo anahitaji ujuzi ambao ukame hauwezi kuuua, na ujuzi huo hautavutia vijana ikiwa tutaendelea kuuonyesha kama adhabu ya walioshindwa masomo. Vijana hufuata wanachokipenda. Karakana inayotoa gitaa inaweza kumwita kijana ambaye karakana ya madawati haikumwita, na akishaingia atajifunza kupima, kukata, kusubiri gundi ikauke na kukubali kurudia kazi iliyoharibika.

Ninachoomba kinawezekana kisheria na kifedha. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo serikali za Wajir na Garissa hazihitaji ruhusa ya Nairobi kutenga meza moja ya kuunda ala katika chuo kimoja kila moja, kununua sumaku, waya wa shaba na misumeno, na kumlipa fundi mzoefu kutoka Kongo, Mombasa au Nairobi afundishe kwa mhula mzima. Wawakilishi wadi wanaweza kuliulizia jambo hilo kwenye bajeti ijayo. Wazee wetu nao wanaweza kufanya jambo lisilohitaji bajeti: kumkaribisha fundi barazani, kumketisha mbele, na kutamka hadharani kwamba dharau waliyorithi dhidi ya watu wa kazi za mikono imekwisha. Socklo ameonyesha kwamba chuma kilichotupwa na ubao wa kawaida hufika mbali vikipata mtu wa kuviheshimu. Chuma na ubao tunavyo; heshima ndiyo tunayodaiwa, na deni hilo linaweza kuanza kulipwa mwaka huu.