Waumini Nao Wasikike Hewani

Fungua redio au simu Jumapili yoyote asubuhi utafute ibada. Mhubiri atasikika wazi kama aliyeketi nawe mezani. Atasema "Bwana asifiwe," kisha kimya. Kanisani waumini wameitikia "Amina" kwa sauti moja, mama mmoja amepiga kigelegele, lakini wewe uliye nyumbani hukumsikia hata mmoja wao. Mhubiri anarudia, "Bwana asifiwe tena," na kimya ni kile kile.

Mimi ni fundi wa sauti. Hufunga spika na kurekodi ibada hapa Mombasa na viungani mwake, na hali hii inaniuma. Kinachorushwa hewani namna hiyo ni hotuba tu. Ibada ni ya wote waliokusanyika: anayehubiri, wanaoitikia, wanaoimba bila kujua sauti ya pili ni ipi, na mtoto anayelia katikati ya tangazo la harusi.

Tatizo huanzia kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Mikisa hupokea kilichopita kwenye maiki au waya peke yake. Mhubiri anayo maiki, kwaya inazo, kinanda kina waya wake. Waumini hawana, na ndani ya kanisa hawaihitaji. Ngoma na kayamba vilevile vinajitosheleza. Basi fundi anapotoa waya mmoja kwenye mikisa na kuuchomeka kwenye kamera, anarusha vile tu vilivyohitaji kuongezewa nguvu. Vilivyo na nguvu zake vyenyewe vinabaki ndani ya kuta.

Waliotutangulia hawakuwa na shida hii. Ibada ya kwanza kurushwa redioni Marekani ilitoka Kanisa la Calvary mjini Pittsburgh, kupitia kituo cha KDKA, tarehe 2 Januari 1921. BBC nayo ilirusha ibada kutoka St Martin-in-the-Fields, London, tarehe 6 Januari 1924. Enzi hizo makanisa hayakuwa na mikisa ya kuchomeka waya. Ilibidi maiki iwekwe kanisani, isikie kanisa.

Kwetu, mazoea ya waya mmoja yalishika mizizi mwaka 2020. Kenya ilisitisha mikusanyiko ya ibada mwezi Machi, wachungaji wakahubiri mbele ya viti vitupu, na hapakuwa na muumini wa kurekodiwa. Milango ilipofunguliwa tena Julai, kwa watu wasiozidi 100, mitambo iliachwa ilivyokuwa. Leo viti vimejaa, lakini anayesikiliza kwa simu bado anaishi Machi ile.

Dawa yake ni maiki mbili za waumini. Nitaeleza zinavyowekwa, maana hapa ndipo wengi huharibu. Chagua maiki za kondensa zinazosikia zaidi upande wa mbele. Maiki hizo zinahitaji umeme wa volti 48, na mikisa nyingi hutoa umeme huo kupitia waya ule ule wa maiki. Zisimamishe juu, moja kushoto na nyingine kulia, karibu na madhabahu, zikitazama watu na kuzipa spika kisogo. Kisha, na hili ni la lazima, sauti yake isipelekwe kwenye spika za kanisani, la sivyo kanisa zima litapigiwa mluzi. Iende hewani tu, kwa njia yake ya kutokea kwenye mikisa. Punguza besi ili mngurumo wa feni na jenereta usitawale.

Lipo la kuangalia zaidi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Maiki iliyo mita 17 kutoka kwenye spika itamsikia mhubiri akiwa amechelewa kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na msikilizaji atasikia maneno yanajirudia. Ndiyo maana nazitaka maiki ziwe mbele, jirani na spika. Halafu fundi asilale: mahubiri yakianza azishushe kidogo bila kuzizima, wimbo ukianza azipandishe.

Wapo wanaoniambia mashine inaweza kuongeza mwangwi, kazi ikaisha. Siafiki. Kanisa Kuu la Ukumbusho hapa Mombasa, lililojengwa kati ya 1903 na 1905, lina kuta nene na kuba, na wimbo ukiimbwa mle hukawia kuzimika. Kanisa la mabati kule Mariakani huimba vingine kabisa, na mvua ikinyesha nayo hujiunga. Mwangwi wa kubuni huyafanya yote mawili kuwa jengo moja lisilokuwepo popote. Aliyebatizwa chini ya mabati yale ana haki ya kuyasikia.

Haki hiyo ina mpaka. Maiki isining'inie juu ya benchi la mtu mmoja. Watu wakipiga magoti kutubu, au wakiombewa mmoja mmoja, fundi azizime kabisa. Alichomnong'onezea mtu Mungu wake si cha kurushwa.

Ninaowatetea ni wale wasioweza kufika: mzee aliyepooza, muuguzi wa zamu, kijana aliye kazini Doha siku ya ibada kwao. Mahubiri wanaweza kuyasoma. Wasichoweza kukipata popote pengine ni sauti za watu wao.

Wazee wa kanisa, najua bajeti zenu, na najua kila mwaka lipo pendekezo la spika kubwa zaidi. Walio ndani wanasikia tayari. Kabla ya spika nyingine, nunueni maiki mbili za waumini.