Kimya cha Kamusi si Ushahidi Tosha

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Nchini Marekani, kimya cha kamusi kina mshindo hata katika sheria. Chini ya Sheria ya Lanham ya mwaka 1946, neno ambalo wanunuzi hulichukulia hasa kuwa jina la ukoo tu halisajiliwi katika daftari kuu la alama za biashara, ila mwombaji athibitishe kuwa umma umekwisha kulihusisha na bidhaa zake. Nia ya sheria ni njema: mtu mmoja asijitwalie jina ambalo wenzake wa ukoo huo wangependa kulitumia pia.

Swali langu linahusu ushahidi. Mkaguzi hupekua orodha za simu, takwimu za sensa na magazeti ili aone ni wangapi wanaoitwa hivyo. Huchunguza iwapo mmoja wa wahusika wa kampuni ana jina hilo. Kisha hufungua kamusi. Asipoliona neno, kimya hicho nacho hutiwa mizanini. Aidha, hupima kama neno lina umbo na mlio wa jina la ukoo.

Idadi pekee haitoshi. Mwaka 2007 bodi ya rufaa ilizingatia neno Baik lililoombewa usajili kwa ajili ya vodka. Mifano 456 ya jina hilo ilipatikana katika orodha za simu za nchi nzima, lakini bodi ikaliona kuwa adimu mno na kutengua uamuzi wa mkaguzi. Mwaka 2005 neno Fiore, ambalo si jina adimu, liliokolewa na maana yake ya 'ua' katika Kiitaliano.

Fiore lilikuwa na kamusi ya kulitetea. Je, maneno yetu? Tuseme mkulima wa Afrika Mashariki anapeleka huko kahawa aliyoiita Bahati. Kamusi ya Kiingereza itanyamaza, na akina Bahati hawatakosekana orodhani. Sikio lisilojua Kiswahili litasikia jina la mtu tu. Yamkini Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, itasimama kuwa shahidi. Lakini ni nani atakayelisemea neno la wavuvi au wahunzi ambalo halijaingizwa katika kamusi yoyote?

Kuna watakaodai kuwa kinachopimwa ni fikra za mnunuzi wa Marekani, wala si zetu. Ni kweli, hata hivyo, kesi ya Fiore yaonyesha kuwa maana ya lugha ya kigeni husikilizwa ikithibitishwa. Mlio nao hutegemea sikio, jambo ambalo kila mwanafunzi wa fonolojia analijua.

Kwa hivyo, wanaleksikografia wetu wasidhani kuwa kazi yao huishia darasani. Hima tukusanye msamiati na maana za majina yetu, ili kimya cha kamusi za wengine kisihesabiwe kuwa ukosefu wa maana.